Unyayo wa Kaboni wa Tovuti za Vyuo Vikuu: Uzito wa Kurasa, Kifaa cha Mtumiaji na Utunzaji wa Tasnifu

Ikisiri

Makala haya yanafafanua unyayo wa kaboni wa tovuti za vyuo vikuu, yaani jumla ya gesijoto zinazotokana na kuhifadhi, kusafirisha na kusoma kurasa za tovuti hizo, pamoja na kutengeneza vifaa vinavyohusika. Lengo ni kubainisha ni sehemu ipi ya unyayo huo yenye uzito zaidi katika mazingira ya Afrika Mashariki, na ni hatua zipi chuo kinaweza kuchukua bila kupunguza upatikanaji wa maarifa. Uchambuzi umeongozwa na modeli za ukadiriaji zinazotumika kwa sasa pamoja na mifano ya ukokotoaji. Mifano hiyo ni ya kufafanulia na si takwimu za chuo chochote mahususi. Makala yanadai kwamba kutunza tasnifu katika hazina ya kidijitali kunagharimu umeme kidogo mno, ilhali kusambaza mafaili mazito na kuharakisha uchakavu wa simu za wasomaji kunagharimu zaidi. Kwa hiyo, kufuta kazi za zamani kwa kisingizio cha kulinda mazingira hakuna msingi. Kinachohitajika ni kupunguza uzito wa kile kinachosambazwa.

1.0 Utangulizi

Tovuti ya kwanza duniani, iliyoandaliwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN na kufunguliwa kwa umma mwaka 1991, ilikuwa na maandishi na viungo tu. Leo, kwa mujibu wa vipimo vya HTTP Archive vya mwaka 2024, ukurasa wa wastani unaofunguliwa katika simu una zaidi ya megabaiti 2. Tovuti za vyuo vikuu zimefuata mkondo huohuo. Ukurasa wa mwanzo uliokuwa na nembo, orodha ya vitivo na anwani ya posta sasa una picha kubwa zinazopishana, video ya mahafali inayojicheza yenyewe, ramani, na programu ndogondogo za kuhesabu wageni.

Wakati huohuo, vyuo vikuu vimejiwekea sera za mazingira. Vinapanda miti, vinafunga paneli za umeme wa jua na kupunguza matumizi ya karatasi. Katika hoja ya kupunguza karatasi, tovuti huchukuliwa kuwa mbadala usio na madhara. Dhana hiyo inahitaji kuchunguzwa, kwa sababu shughuli za kidijitali hutumia umeme na vifaa vyenye asili katika migodi na viwanda. Wakala wa Kimataifa wa Nishati ulikadiria kwamba vituo vya data vilitumia takribani terawati-saa 415 mwaka 2024, sawa na asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia. Kwa sekta nzima ya habari na mawasiliano, Malmodin na wenzake (2024) wanakadiria kwamba mwaka 2020 ilichangia takribani asilimia 1.4 ya gesijoto zote, na kwamba zaidi ya nusu ya mchango huo ilitokana na vifaa vya watumiaji.

Hata hivyo, kuna hatari mbili katika mjadala huu. Ya kwanza ni kupuuza suala zima kwa kuwa halionekani kwa macho. Ya pili ni kulikuza kupita kiasi hadi likaelekeza lawama mahali pasipostahili. Makala haya yanajaribu kuepuka hatari zote mbili kwa kukokotoa hatua kwa hatua.

2.0 Vipengele vya unyayo wa kaboni wa tovuti

Msomaji anapofungua ukurasa wa chuo, mambo manne hutokea. Kwanza, seva iliyo katika kituo cha data hutafuta na kutuma mafaili. Pili, mafaili hayo husafiri kupitia mikongo ya baharini na ya nchi kavu, kisha minara ya simu au nyaya za ofisini. Tatu, kifaa cha msomaji, ambacho katika ukanda wetu mara nyingi ni simu janja, huyapokea, huyafasiri na kuyaonesha. Nne, vifaa vyote vilivyotajwa vilishatengenezwa kabla ya tukio hilo, na utengenezaji wake ulitoa gesijoto zinazopaswa kugawanywa katika maisha yote ya kifaa.

Hatua tatu za mwanzo zinaitwa hatua za matumizi, na ya nne ni hatua ya utengenezaji. Utofautishaji huu una umuhimu mkubwa katika sehemu zinazofuata, kwa kuwa chuo kinaweza kuathiri kila hatua kwa njia tofauti. Seva huchaguliwa na idara ya tehama. Safari ya data huamuliwa na mahali seva ilipo. Mzigo wa kifaa huamuliwa na mbunifu wa ukurasa. Ama umri wa kifaa, chuo hakiuamui, lakini kinaweza kuufupisha au kuurefusha bila kujua.

3.0 Tatizo la kipimo

Njia inayotumika zaidi kukadiria unyayo wa tovuti ni kuzidisha kiasi cha data kwa kiwango cha umeme kwa kila gigabaiti. Modeli ya Sustainable Web Design katika toleo lake la tatu ilitumia kilowati-saa 0.81 kwa gigabaiti. Toleo la nne, lililotolewa mwaka 2024, limeshusha kiwango hicho hadi takribani kilowati-saa 0.30, ambapo 0.194 ni za matumizi na 0.106 ni za utengenezaji. Kwa upande mwingine, Aslan na wenzake (2018), waliochunguza mitandao ya waya pekee, walipata kilowati-saa 0.06 kwa gigabaiti kwa mwaka 2015, na walibaini kwamba kiwango hicho kimekuwa kikipungua kwa nusu karibu kila miaka miwili.

Tuchukue mfano. Ukurasa wa mwanzo wa chuo una megabaiti 4 na unafunguliwa mara 100,000 kwa mwezi. Kwa mwaka, data inayosafirishwa ni gigabaiti 4,800. Kwa toleo la tatu la modeli, umeme unaohusika ni kilowati-saa 3,888, na kwa toleo la nne ni 1,440. Tukichukua gramu 480 za hewa ukaa kwa kila kilowati-saa, ambacho ni kiwango kinachokaribia wastani wa dunia, matokeo ni kilo 1,866 kwa hesabu ya kwanza na kilo 691 kwa hesabu ya pili. Ukurasa haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kanuni ya kuupima.

Ili kupata mizania, linganisha na jenereta la chuo. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takribani kilo 2.7 za hewa ukaa. Hivyo, ukurasa huo kwa mwaka mzima ni sawa na lita 256 hadi 691 za dizeli. Jenereta linalobeba mzigo wa kilowati 50, kwa makadirio ya theluthi ya lita kwa kila kilowati-saa, linaweza kuteketeza kiasi hicho kwa saa 15 hadi 42 za kukatika kwa umeme. Mlinganisho huu unaonesha kwamba ukurasa mmoja si janga la tabianchi. Aidha, unaonesha kwamba si jambo la bure.

Koomey na Masanet (2021) wametahadharisha dhidi ya kuchukulia kwamba kila gigabaiti inayopunguzwa hupunguza umeme kwa uwiano uleule. Tahadhari hiyo inaeleweka kwa mfano wa daladala. Daladala hutumia mafuta kwenda na kurudi hata ikiwa na viti vitupu, na abiria mmoja akishuka, mafuta yanayookolewa ni kidogo sana. Lakini abiria wakizidi siku hadi siku, mwenye gari huongeza gari la pili. Mitandao nayo iko hivyo. Mnara wa simu huwaka usiku na mchana, ila uwezo wake huongezwa kufuata saa za msongamano. Kupunguza uzito wa kurasa leo huchangia kuahirisha upanuzi wa kesho, na wala hakuzimi mtambo wowote papo hapo. Kwa sababu hiyo, makala haya yanapendekeza kwamba chuo kinapotoa taarifa, kitaje kwanza idadi ya baiti na idadi ya ziara, ambazo zinapimika, kisha kilo za hewa ukaa pamoja na modeli iliyotumika.

4.0 Chanzo cha umeme na mahali pa seva

Kilowati-saa moja haina unyayo mmoja duniani kote. Nchini Kenya, sehemu kubwa ya umeme hutokana na vyanzo jadidifu, na jotoardhi la Olkaria ndilo nguzo yake kuu. Nchini Tanzania, gridi hutegemea maji na gesi asilia. Mchango wa maji umeongezeka tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji ulipoanza kuzalisha umeme Februari 2024, katika mradi wenye uwezo wa megawati 2,115. Nchini Afrika Kusini, umeme mwingi bado hutokana na makaa ya mawe. Ukurasa uleule, ukihifadhiwa katika seva ya Johannesburg, una unyayo mkubwa kuliko ukihifadhiwa Nairobi, ingawa msomaji haoni tofauti.

Kwa mantiki hiyo, mtu anaweza kuhitimisha kwamba tovuti zote zirudishwe nyumbani. Hitimisho hilo ni la haraka. Seva ndogo katika chumba cha chuo, yenye kiyoyozi kikuukuu na jenereta la dharura, inaweza kutumia umeme mwingi kwa kila ukurasa kuliko kituo kikubwa cha data kilicho ng'ambo, kwa sababu kituo kikubwa hugawa mitambo yake kwa maelfu ya wateja. Linalofaa ni njia ya kati, yaani kutumia miundombinu ya pamoja ya kikanda. Mitandao ya elimu na utafiti kama TERNET ya Tanzania, KENET ya Kenya na RENU ya Uganda iliundwa ili vyuo vishirikiane katika rasilimali za namna hii.

Ukaribu wa seva una faida nyingine. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Katika hali kama hiyo, mwanafunzi wa Dodoma anayetaka kusoma tasnifu iliyoandikwa Dar es Salaam hutatizika ikiwa nakala pekee iko Ulaya. Hivyo, suala la mahali pa seva ni la mazingira na ni la uhakika wa huduma kwa pamoja.

5.0 Kifaa na kifurushi cha msomaji

Betri ya simu janja ya kawaida yenye miliampia-saa 5,000 hubeba takribani wati-saa 19. Ikichajiwa kikamilifu kila siku kwa mwaka mzima, bila kuhesabu upotevu wa chaji, hutumia takribani kilowati-saa 7. Kwa kiwango cha gramu 480 kilichotumika hapo juu, hiyo ni chini ya kilo 4 za hewa ukaa. Ilhali taarifa za mazingira za watengenezaji wakubwa wa simu hutaja makumi ya kilo kwa simu moja, na sehemu kubwa ya kiasi hicho hutokea kabla simu haijawashwa na mnunuzi. Kwa maneno mengine, kutumia simu kwa mwaka mmoja zaidi kabla ya kuibadilisha kuna manufaa makubwa kuliko kuokoa chaji.

Hapa ndipo ubunifu wa tovuti unapokutana na mazingira kwa nguvu zaidi. Ukurasa uliojaa programu za JavaScript hulazimisha kichakato cha simu kufanya kazi nzito. Simu ya miaka mitano hukwama, na mwenyewe huambiwa, au hujiambia, kwamba simu imezeeka. Simu hiyo bado inapiga, inapokea na kutuma pesa. Kilichoishinda ni kurasa zilizoongezwa uzito. Ikitupwa, huingia katika taka za kielektroniki ambazo, kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024, zilifikia tani milioni 62 mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Sambamba na kifaa kuna kifurushi. Tume ya Umoja wa Mataifa ya Intaneti ya Kasi iliweka lengo kwamba kufikia mwaka 2025 data ya msingi isizidi asilimia 2 ya pato la mtu kwa mwezi, na kigezo kilichotumika kupima lengo hilo kilikuwa gigabaiti 2 kwa mwezi. Mwanafunzi mwenye kifurushi cha kiasi hicho anaweza kupakua tasnifu 13 tu ikiwa kila moja ina megabaiti 150. Zikiwa na megabaiti 12 kila moja, anaweza kupakua 166. Tofauti hiyo ndiyo tofauti kati ya kufanya mapitio ya maandiko na kushindwa kuyafanya.

6.0 Hazina ya tasnifu: kutunza na kusambaza

Hoja hujitokeza mara kwa mara kwamba mafaili ya zamani yasiyosomwa yafutwe ili kupunguza unyayo wa kaboni. Hoja hiyo ipimwe kwa hesabu. Chukua hazina yenye tasnifu 10,000, kila moja ikiwa na wastani wa megabaiti 20. Jumla ni gigabaiti 200, sawa na asilimia 1 ya diski ngumu ya terabaiti 20. Diski ya namna hiyo hutumia takribani wati 8, yaani kilowati-saa 70 kwa mwaka, na sehemu ya tasnifu ni kilowati-saa 0.7. Hata tukizidisha mara kumi ili kujumuisha nakala za akiba, seva na viyoyozi, tunapata kilowati-saa 7. Kutunza tasnifu elfu kumi kwa mwaka mzima kunakaribiana na umeme wa kuchaji simu moja.

Sasa tazama upande wa usambazaji. Ukurasa wa A4 ukipigwa skani kwa nukta 300 kwa inchi huwa na nukta milioni 8.7. Ukihifadhiwa kwa rangi bila kubanwa hufikia megabaiti 26, na hata ukibanwa kwa kawaida unaweza kubaki na nusu megabaiti. Tasnifu ya kurasa 300 hivyo hufikia megabaiti 150. Kurasa hizohizo zikipigwa skani kwa nyeusi na nyeupe na kubanwa kwa kanuni zinazofaa maandishi, huweza kushuka hadi kilobaiti 40 kila moja, yaani megabaiti 12 kwa tasnifu nzima. Tasnifu ya megabaiti 150 ikipakuliwa mara 1,000, kwa kiwango cha kilowati-saa 0.30, hugharimu kilowati-saa 45. Hicho ni kiasi cha kutunza hazina yote ya mfano wetu kwa zaidi ya miaka sita. Ile ya megabaiti 12 hugharimu 3.6 tu.

Inasikitisha zaidi pale uzito huo unapotokana na utaratibu na si umri wa kazi. Tasnifu za leo huandikwa kwa kompyuta. Zipo taratibu zinazotaka mtahiniwa aichapishe kazi, ipate saini, kisha nakala hiyo ya karatasi ipigwe skani na kuwekwa katika hazina. Maandishi yaliyokuwa yanatafutika yanageuzwa picha. Msomaji anayetaka kujua kama tasnifu inazungumzia ngeli za nomino hawezi kutafuta neno hilo ndani yake. Hulazimika kupakua kazi nzima, kisha kupekua ukurasa baada ya ukurasa. Kwa lugha kama Kiswahili, ambayo maandishi yake ya kitaaluma mtandaoni bado ni machache ikilinganishwa na Kiingereza, kila tasnifu iliyogeuzwa picha ni maandishi yaliyofichwa yakiwa hadharani.

Changamoto nyingine ni programu za kukusanya data zinazozuru hazina bila kupumzika. Katika uchunguzi wa mwaka 2025 wa COAR, shirikisho la kimataifa la hazina huria, zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hazina zao zinakumbwa na programu kali za aina hiyo. Kuzifungia zote milango kungepunguza mzigo, lakini kungeweza pia kuzifungia injini za utafutaji zinazomwelekeza msomaji kwenye kazi za Kiswahili. Linalofaa ni kuweka kikomo cha kasi ya maombi badala ya marufuku ya jumla.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza mambo matano. Kwanza, hazina ipokee faili asilia la tasnifu, na ukurasa wa saini pekee ndio upigwe skani. Kwa kazi za zamani, zipigwe skani kwa nyeusi na nyeupe, isipokuwa kurasa za picha na ramani, kisha zipitishwe katika programu ya kutambua herufi. Pili, ukurasa wa kila tasnifu uwe na ikisiri, yaliyomo na ukubwa wa faili, ili msomaji aamue kabla ya kutumia kifurushi chake. Inapowezekana, sura zitolewe mojamoja. Tatu, video zisijicheze zenyewe, na picha zipunguzwe kulingana na upana wa simu. Nne, tovuti itumie fonti zilizomo tayari katika kifaa. Othografia ya Kiswahili haina herufi zenye alama za ziada, kwa hiyo hakuna haja ya kumtumia msomaji fonti yenye maelfu ya herufi asizozihitaji. Tano, tovuti ijaribiwe kwa simu ya bei nafuu yenye umri wa miaka mitano kabla ya kuzinduliwa.

Hakuna pendekezo linalohitaji mtambo mpya. Yote yanahitaji uamuzi, na mawili ya mwanzo yanaweza kutekelezwa kwa kubadilisha mwongozo wa uwasilishaji wa tasnifu.

8.0 Hitimisho

Mchumi William Stanley Jevons alionesha mwaka 1865 kwamba mashine zinazotumia makaa kwa ufanisi zaidi zinaweza kuongeza matumizi ya makaa, kwa sababu kazi huwa rahisi na watu huizidisha. Pingamizi hilo linaweza kuelekezwa hapa. Kurasa zikiwa nyepesi, zitasomwa zaidi, na akiba itapungua. Jibu ni kwamba kwa hazina ya tasnifu, kusomwa zaidi ndilo lengo lenyewe. Tasnifu ya megabaiti 12 ikisomwa na watu mara kumi zaidi bado haifikii mzigo wa ile ya megabaiti 150.

Makala haya yamebainisha kwamba unyayo wa tovuti ya chuo si mkubwa kwa kulinganishwa na majengo, magari na majenereta, na kwamba makadirio yake hutegemea sana modeli inayochaguliwa. Ndani ya unyayo huo mdogo, utunzaji ni sehemu ndogo zaidi, na kifaa cha msomaji pamoja na mafaili mazito ndiyo sehemu inayostahili kushughulikiwa. Chuo kinachotaka tovuti rafiki kwa mazingira kisianze kwa kuondoa kazi za watafiti wake. Kianze kwa kuziweka katika umbo ambalo mwanafunzi mwenye simu ya zamani na kifurushi kidogo anaweza kulifungua, kulitafuta na kulisoma.